Rejesho la kila wiki linadumaza biashara za nyumbani

Kwa miaka kadhaa sasa, mjadala wa mikopo midogo nchini Tanzania umekuwa mjadala wa riba. Mikopo ya mtaani imepewa jina la kausha damu, wabunge wameipigia kelele, na Benki Kuu imechukua hatua. Imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, na Novemba 2024 ikatangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo zilistahili, na anayetaka zilegezwe hajui kinachotokea uswahilini pale mkopeshaji anapokuja kubeba godoro na sufuria za watu. Hata hivyo, naamini tumeng'ang'ania jambo moja tukaliacha jingine lenye uzito uleule. Kinachoamua kama mkopo utaikuza biashara inayoendeshwa nyumbani si bei ya fedha peke yake, bali pia ratiba ya kuzirudisha. Rejesho linaloanza wiki moja baada ya mkopo kutoka, kwa kiasi kilekile kila wiki, bila kuuliza biashara ni ya aina gani, ndilo linalozifanya biashara nyingi za kina mama zibaki palepale zilipoanzia.

Tuweke hesabu mezani. Chukua wanawake wawili wa mtaa mmoja, tuseme Mbagala, kila mmoja akiwa amekopa shilingi 600,000 kwa miezi sita. Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ikikokotolewa kwa mkopo wote inafika 126,000, na deni linakuwa 726,000. Likigawanywa kwa wiki 24, rejesho ni shilingi 30,250 kila wiki. Wa kwanza anakaanga vitumbua. Ananunua mchele, nazi, mafuta na sukari leo, kesho alfajiri yuko jikoni, na saa nne asubuhi fedha imesharudi mfukoni. Akiweka kando zaidi kidogo ya shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku sita, rejesho limetimia. Wa pili anataka kufuga kuku wa nyama uani kwake. Ananunua vifaranga 100, anakarabati banda, ananunua chakula, chanjo, na mkaa wa kuwapa vifaranga joto usiku. Kuku hao hawauziki kabla ya wiki ya tano au ya sita. Wiki ya tano inapoisha ameshatakiwa kupeleka kikundini shilingi 151,250, yaani zaidi ya robo ya mkopo wote, na hajauza kuku hata mmoja.

Fedha hiyo atakuwa ameitoa wapi? Njia ni chache na zote zinajulikana. Ataipunguza kwenye chakula cha kuku, nao watachelewa kufikia uzito. Atawauza mapema wakiwa wadogo, kwa bei ya hasara. Ataomba kwa mumewe, ambaye naye huenda ni kibarua asiye na uhakika wa kesho. Au ataingia kwenye kikundi kingine akope ili alipe, na hapo ndipo mtu mmoja anapokuwa na vikao vya marejesho Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jirani zake watasema mama huyu hana nidhamu ya fedha. Nasema nidhamu anayo. Alichokosa ni mkopo unaojua kwamba kuku hutaga au kunenepa kwa wakati wake, wala hawasubiri kikao cha kikundi.

Mambo ni hayohayo kwa fundi cherehani anayetaka kununua mashine ya kudarizi, kwa anayetengeneza batiki na kupeleka dukani akilipwa mwisho wa mwezi, na kwa anayeshona sare za shule ambaye soko lake linachangamka Desemba na Januari kisha linapoa. Biashara zinazohitaji kifaa, muda wa kujifunza au mteja wa mkopo haziwezi kutoa fedha kila wiki kuanzia wiki ya kwanza. Zinazoweza ni zile za kununua asubuhi na kuuza jioni: maandazi, chapati, karanga, mboga, mkaa wa kupima, nguo za mtumba. Si ajabu basi kwamba mtaa mmoja unaweza kuwa na magenge manne yenye nyanya zilezile na vitunguu vilevile, kila mwenye genge akigawana na mwenzake wateja walewale. Tumezoea kusema wanawake hawa wanaigana. Lakini kwa sehemu kubwa wanachagua kwa akili kabisa biashara pekee ambazo mkopo unaziruhusu, na ushindani wa wengi kwenye bidhaa moja ndio unaoila faida yao.

Wanaojali riba nao wana sababu ya kuitazama ratiba, kwa kuwa ndiyo inayoficha riba yenyewe. Katika mfano wetu, mkopaji anahesabiwa riba ya shilingi 600,000 kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Ila ikifika wiki ya 12 ameshalipa nusu ya deni, na wiki ya 20 anabaki na fedha kidogo tu ya mkopeshaji. Kwa wastani wa miezi yote sita, fedha iliyo mkononi mwake ni kama 312,000 tu. Riba ya 21,000 kwa mwezi juu ya kiasi hicho inakaribia asilimia 7, si 3.5 aliyotajiwa. Mkopeshaji anaweza kuheshimu kikomo cha Benki Kuu kwa maandishi, na bado mama akalipa karibu mara mbili yake.

Ratiba hii haikubuniwa kwa nia mbaya, na ni haki kuieleza ilikotoka. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong nchini Bangladesh, aliwakopesha dola 27 watu 42 wa kijiji cha Jobra waliokuwa wamefungwa na madeni ya walanguzi. Jaribio hilo likazaa Grameen Bank, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki yake wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Grameen ilionyesha jambo ambalo mabenki hayakulisadiki: kwamba maskini asiye na hati ya nyumba analipa, akikopeshwa kidogo, akadhaminiwa na wenzake, na akarejesha kidogo kidogo mbele ya kikundi. Mfumo huo ukasambaa duniani. Tanzania iliupokea kupitia taasisi za mikopo kama PRIDE miaka ya 1990, kisha BRAC iliyoingia nchini mwaka 2006, na nyingine nyingi zikafuata. Rejesho la wiki lilikuwa ufunguo uliowafungulia mlango mamilioni ya wanawake ambao hakuna benki iliyokuwa tayari hata kuwapa fomu. Sifa hiyo haifutiki. Ninachopinga ni kuligeuza jibu la mwaka 1976 kuwa amri ya milele kwa kila biashara.

Ushahidi wa miaka ya karibuni unatupa sababu ya kutafakari upya. Mwaka 2015, wanauchumi walichapisha kwa pamoja matokeo ya tafiti sita zilizofanywa kwa kulinganisha maeneo au watu waliofikiwa na mikopo midogo na wasiofikiwa, katika nchi za India, Ethiopia, Morocco, Mexico, Mongolia na Bosnia. Utafiti wa India, uliofanywa Hyderabad, uliongozwa na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye, mwaka 2019, walipata Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Picha iliyotokea ilikuwa ya wastani. Mikopo iliwapa watu uhuru zaidi wa kuchagua shughuli na kupanga matumizi, baadhi ya biashara zilipanuka, lakini kipato cha kaya kwa jumla hakikupanda kwa namna ya kuwatoa watu kwenye umaskini. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema mikopo midogo imeshindwa. Usomaji huo una haraka. Kilichopimwa humo kwa sehemu kubwa ni mkopo wa mtindo uleule wa zamani, na swali linalofuata ni nini hutokea mtindo wenyewe ukibadilishwa.

Swali hilo lilijaribiwa Kolkata, India. Erica Field, Rohini Pande na wenzao walishirikiana na taasisi moja ya mikopo: baadhi ya vikundi vya wanawake vikaanza kurejesha wiki mbili baada ya mkopo kama kawaida, na vingine vikapewa miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Riba haikupunguzwa wala mkopo haukuongezwa. Waliopewa miezi miwili walielekea zaidi kuanzisha biashara mpya na kuwekeza kwenye vifaa na bidhaa, na baada ya takriban miaka mitatu faida ya wiki ya biashara zao ilikuwa juu kwa asilimia 41 hivi kuliko ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Tofauti yote hiyo ilitokana na miezi miwili ya kusubiri.

Sasa niwasikilize wanaopinga, kwa sababu hoja zao si dhaifu. Ya kwanza ni ya wakopeshaji: ukimpa mtu nafasi ya kuchelewa, hatalipa, na fedha isiporudi hakuna wa kumkopesha mwingine. Ni kweli kwamba katika jaribio la Kolkata walioshindwa kulipa kwa wakati waliongezeka miongoni mwa waliopewa muda wa kupumua. Anayetetea mageuzi akilificha hilo hatendi haki. Aliyeanzisha jambo jipya anajitwika hatari zaidi kuliko anayeendelea na karanga zake, na baadhi huanguka. Lakini hatari hiyo ina njia za kudhibitiwa. Nchini Bangladesh kwenyewe, mfumo ulikozaliwa, BRAC iliwapa wakopaji wenye rekodi nzuri ya malipo haki ya kuruka marejesho mawili ya mwezi wakati wowote ndani ya kipindi cha mkopo. Watafiti waliofuatilia waliona biashara zao zikifanya vizuri zaidi, na kushindwa kulipa hakukuongezeka bali kulipungua. Utafiti mwingine wa Kolkata ulikuwa umeshaonyesha kuwa kuhamisha wakopaji kutoka rejesho la wiki kwenda la mwezi hakukuongeza wasiolipa kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Funzo ninaloliona ni kwamba nafuu ikitolewa kama haki anayoistahili mlipaji mwaminifu, inamjengea sababu ya kuendelea kuwa mwaminifu. Ikimwagwa kwa kila mtu bila kuchagua, ndipo inapoumiza.

Hoja ya pili inatoka kwa kina mama wenyewe, nayo ina uzito zaidi. Wengi watakuambia wanapenda rejesho la wiki, kwa kuwa fedha ikikaa nyumbani haikai. Mtoto ataugua, shemeji atakuja na shida, ada itadaiwa, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Rejesho dogo la mara kwa mara linawalinda. Hilo nalikubali, na kwa mama wa vitumbua ratiba ya sasa inafaa na isiguswe. Ila tuelewe vizuri wanacholalamikia: ni kukosa mahali pa kuiweka fedha isichukuliwe, na tatizo hilo lina dawa nyingine. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za akiba wafanyabiashara wadogo wa Bumala, magharibi mwa Kenya. Akaunti zile hazikuwa na riba na kutoa fedha kulikuwa na ada, lakini wanawake wa sokoni walizitumia na wakaongeza fedha wanayoiweka kwenye biashara zao. Uganda nako, Emma Riley alifuatilia wanawake waliokopa BRAC: baadhi walipewa mkopo taslimu kama kawaida, wengine wakaingiziwa kwenye laini ya simu iliyo yao peke yao kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi minane, waliopokea kwa simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa takriban asilimia 15, na walionufaika hasa ni wale waliokuwa wakibanwa na familia. Katika nchi kama yetu, ambayo muuza mchicha anapokea malipo kwa simu, hakuna sababu ya mkopo wa biashara kukabidhiwa kama noti mbele ya kikundi kizima.

Wapo watakaosema dawa ni kuondoa riba kabisa, na watataja mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia yake ni njema na naiunga mkono. Lakini mwaka 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mwaka hadi mwaka fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoeleweka, na ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kama bei ya fedha ingekuwa ndilo tatizo pekee, mkopo wa riba sifuri ungekuwa umefanikiwa kuliko yote. Nafuu ya riba haiokoi mkopo uliotolewa bila kuijua biashara unakokwenda.

Wengine watauliza: si tayari tuna VICOBA? Mfumo huu wa kuweka na kukopa wenyewe kwa wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaingia kwetu kupitia Zanzibar, na leo ni nguzo ya maisha ya mitaani. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kutoka sandukuni, wanatunza mfuko wa jamii kwa misiba na magonjwa, na riba inarudi kwao wenyewe siku ya kugawana. Kikoba kinamjua mwanachama wake, kinaweza kumsubiri, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imekitambua katika daraja la nne. Nakiheshimu, na ningependa wakopeshaji wakubwa wajifunze kwake namna ya kusikiliza. Lakini kina mipaka yake. Fedha yake ni ya wanachama tu, hivyo ni ndogo. Wote huitaka kwa wakati mmoja, hasa Januari, ada zinapodaiwa. Na kwa kuwa vikundi vingi hugawana kila mwisho wa mzunguko, mtaji wa kununua mashine ya kulipiwa kwa mwaka mzima haupatikani humo. Kikoba kinamvusha mama kwenye shida za msimu. Ili avuke kutoka karanga hadi kiwanda kidogo cha siagi ya karanga anahitaji mkopo wa aina nyingine.

Ipo pia hoja ya wachumi wanaosema haya yote ni kupoteza muda, kwa kuwa nchi haiendelei kwa vitumbua bali kwa viwanda na ajira za mishahara. Nakubaliana nao kuhusu nchi. Sikubaliani nao kuhusu mama aliye hai leo. Ajira hizo hazijafika kwake, na hata zikifika, mwenye mtoto mchanga na mgonjwa wa kuuguza hawezi kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Kwake biashara ya uani ndiyo kazi iliyopo, wala kuiboresha hakuzuii kujenga viwanda. Tuache tu kuahidi kwamba mkopo utafuta umaskini. Ahadi hiyo kubwa ndiyo iliyowapa wakopeshaji kisingizio cha kutoulizwa maswali madogo: unamkopesha nani, wa biashara gani, na rejesho lake la kwanza ni lini?

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya bungeni. Kwanza, kila mkopeshaji mwenye leseni awe na angalau ratiba mbili: ya wiki kwa biashara za mzunguko wa kila siku, na nyingine yenye mwezi mmoja hadi miwili ya kupumua kwa mifugo, vifaa na biashara za msimu, huku afisa mikopo akitakiwa kuandika kwenye fomu kwa nini amechagua ratiba ile. Pili, mkopaji aliyemaliza mkopo mmoja bila doa apewe haki ya kuruka marejesho mawili katika mkopo unaofuata. Tatu, mkopo uingie kwenye simu au akaunti ya mkopaji mwenyewe. Nne, riba ikokotolewe kwa deni lililobaki, na mkopaji aonyeshwe kwa shilingi, kwenye karatasi ya Kiswahili, jumla ya atakacholipa kabla hajatia dole gumba. Tano, taarifa za wakopaji zifike kwenye kanzidata ya pamoja ili muda wa kupumua usigeuke mwanya wa kukopa kwa watatu kwa mpigo. Benki Kuu ina mamlaka ya kuyaelekeza haya kwa kanuni na miongozo yake, kama ilivyofanya kwenye riba.

Na pa kuanzia pasitafutwe mbali. Halmashauri hazina wanahisa wanaosubiri gawio, zina maafisa maendeleo ya jamii hadi kwenye kata, na fedha zao ni za wananchi. Zikichagua kata chache, zikagawa vikundi katika ratiba mbili tofauti, zikafuatilia mauzo na malipo yao kwa miaka miwili na kuyatangaza matokeo hadharani, yawe mazuri au mabaya, tutakuwa na ushahidi wetu wenyewe badala ya kutegemea wa Kolkata. Gharama ya jaribio hilo ni ndogo kuliko fedha zilizokwisha potea bila kutufundisha chochote. Wabunge na madiwani wanaojivunia mabilioni yaliyokopeshwa majimboni mwao waanze kuulizwa jambo moja zaidi: kati ya waliokopeshwa, ni wangapi leo wanaendesha biashara kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo siku walipopokea fedha?